Tutafika Halina Gia ya Tatu

Lori lile lilifia kwenye kibanja cha Telesfori Byarugaba, kijijini Ndama, mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha. Lilikuwa limebeba unga na chumvi. Lilipanda kilima likitoa moshi mweusi, likakohoa kwenye kitambarare kilichopo kati ya migomba na mibuni, kisha likanyamaza. Mwenyewe alikuja kutoka Bukoba, akalizunguka, akapiga teke gurudumu, akasema atarudi na fundi. Hakurudi. Kuku wa Kokushubira, mke wa Telesfori, wakaanza kutaga nyuma ya kiti cha dereva. Juu ya kioo cha mbele yalibaki maandishi mekundu aliyoyaandika mtu mwenye matumaini: TUTAFIKA.

Mukamusoni alilipanda miaka kadhaa baadaye, alipokuwa mwanamke wa thelathini na kitu, mwenye watoto wawili na jembe moja.

Yeye alikuwa amevuka mto Kagera mgongoni mwa mama yake, enzi zile watu wa Rwanda walipokuwa wakikimbilia upande huu. Hakukumbuka maji wala usiku wa safari. Kumbukumbu yake ya kwanza ilikuwa kupewa. Alipewa uji na watu wa misheni. Alipewa gauni la mtoto mwingine, lililokwisha chukua umbo la mtoto huyo, likawa linamkataa mabegani. Alipokuwa binti akaanza vibarua vya kupalilia migomba na kuchuma kahawa, na jioni mwenye shamba alipompimia ndizi za ujira wake, mara nyingi alimwongezea kichana kimoja juu, akisema, "Chukua na hiki, maskini." Ndizi za ujira alizibeba bila taabu. Kile kichana cha juu kilimlemea njia nzima.

Mumewe, Mbonimpa, alikwenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akatuma salamu mara mbili, kisha salamu zikakatika. Hakuwa amekufa; alikuwa ameoa. Majirani walimletea Mukamusoni maharage kama watu wanaokwenda msibani, wakakaa kimya kwenye mkeka wakimtazama usoni. Aliyapika maharage, watoto wakala. Lakini alipowasindikiza wageni mpaka njiani aliwaambia, "Ahsanteni. Msirudi tena na nyuso hizo."

Watu wakasema ana kiburi. Mtu asiye na kitu akiwa na kiburi, walisema, ni kama nyumba isiyo na paa kuwekewa kufuli. Aliyasikia, akaendelea kulima.

Sasa mchezo wenyewe.

Uliundwa na watu wazima wawili wenye akili timamu, na jambo hilo ndilo lililowaudhi wengi. Wa kwanza alikuwa Telesfori. Ujanani alikuwa utingo katika malori ya Bukoba, na barabara yote aliijua kwa mgongo wake, maana aliisafiri akiwa amelala juu ya magunia. Wa pili alikuwa Kaijage, mwenye duka la chumvi na sabuni Omurushaka. Huyu alirithi kwa baba yake pikapu ya Pijo ambayo haikuwa imewaka tangu mazishi. Telesfori alimwahidi kuitengeneza, wakaisukuma watu kumi na wawili mpaka Ndama, ikaegeshwa ubavuni mwa Tutafika, ikagoma kupona. Kila Jumapili baada ya ibada Kaijage alikuja kuifuta vumbi kwa shati kuukuu. Siku moja, katika kuifuta, aliingia ndani akashika usukani. Telesfori naye akapanda kwenye lori. Wakatazamana kupitia madirisha, wazee wazima, na mmoja akasema, "Twende?"

Walifunga kamba ndefu ya mgomba kutoka nguzo ya banda la mbuzi mpaka kwenye mbuni wa mwisho. Kamba ndiyo barabara. Waliifunga mafundo mengi, na kila kundi la mafundo ni mahali: hapa Omurushaka, hapa Kilima cha Chumvi, hapa Kona za Mbuzi, hapa Tambarare ya Misheni, pale Mteremko wa Mikaratusi, na mwisho kabisa daraja la mbao, lile jembamba la kabla ya Kyaka. Kila gari lilikuwa na kijiti chake kilichopasuliwa kichwa, kikabana kamba. Anayevuka daraja kwanza ameshinda.

Madereva walicheza kwa zamu. Dereva alitaja gia, akakanyaga klachi kwelikweli, akasukuma mkono wa gia kwelikweli. Gia ya kwanza ilimpeleka fundo moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne manne. Lakini barabara nayo ilikuwa na amri yake. Mlimani huruhusiwi kupita gia ya pili. Kwenye kona mwisho ni ya tatu. Tambarare ni yako. Mteremko ni wako na Mungu wako, ila zamu ya mteremko inakomea mdomoni mwa daraja; kulivuka ni zamu nyingine.

Tena kila gari lilikuwa na injini, yaani mtu aliyekaa kando ya dereva akanguruma. Ngurumo ilipaswa kuwa ya pumzi moja tangu gia iingie mpaka kijiti kifike, na Telesfori, ambaye siku hizi alikuwa mwamuzi, alikisogeza kijiti taratibu kama padri anayegawa komunyo. Pumzi ikikatika, injini imezimika, unabaki ulipo. Ikikatika mteremkoni katika gia ya nne, gari liko mtaroni na mchezo wako umekwisha.

Na juu ya sheria zote ilikuwapo sheria moja iliyozizaa nyingine: gari kama lilivyo. Ambacho gari lako haliwezi kukifanya limesimama, haliwezi kukifanya likikimbia. Pijo ilikuwa na gia zote nne na breki ngumu kama jiwe, basi katika mchezo pia ilikuwa nazo. Tutafika mkono wake wa gia uliingia ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu ilikataa, ukisukuma unagonga chuma. Pedali ya breki nayo ilizama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope. Kwa hiyo Pijo ilipopita kwenye kona kwa mafundo matatu, lori lilijikokota kwa mawili. Halikuwahi kushinda. Madereva walilikimbia mmoja baada ya mwingine, ikabaki injini yake tu, Celestin Hategekimana, kibarua mwenzake Mukamusoni, mwimbaji wa besi kwenye kwaya. Alikaa peke yake ndani ya lori kama mwanamume aliyeachwa stendi.

Jumapili moja Mukamusoni alikuja kuchukua jembe alilolisahau kwenye mibuni.

"Shikamoo, Mzee Telesfori."

"Marahaba, mwanangu. Unajua kuendesha?"

"Kuendesha nini?"

"Hilo."

Alilitazama lori. Kisha akamtazama Celestin, ambaye alimfungulia mlango kutoka ndani.

"Hilo halimtaki mtu yeyote," Kaijage akapaza sauti kutoka kwenye Pijo yake. "Usimdanganye dada wa watu, ataaibika bure."

"Kama halimtaki mtu," Mukamusoni akasema, "basi halitanikataa mimi peke yangu."

Akapanda. Usukani ulikuwa mpana kama ungo. Siku ile Pijo ilivuka daraja yeye akiwa bado kwenye Kona za Mbuzi, na Kokushubira, ambaye alikuwa injini ya Pijo na muuzaji wa rubisi, pombe ya ndizi, kwa wakati mmoja, akacheka hadi akamwaga kibuyu. Kokushubira alikuwa na sauti nyembamba, safi, isiyokwisha, sauti ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi miaka ishirini.

"Rudi nyumbani ukapike, Musoni!" alimwambia. "Hilo lori ni banda la kuku!"

"Nitarudi Jumapili. Waambie kuku wahame."

Akarudi. Akarudi na Jumapili iliyofuata. Alishindwa majira ya mvua, akashindwa kiangazi. Katikati ya wiki, akipalilia, mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga klachi katika majani ya migomba, na wenye mashamba wakaulizana kama yuko sawa. Mzee mmoja wa kanisa alimsimamisha njiani.

"Mama mzima, unanguruma Jumapili ya Bwana?"

"Anayenguruma ni Celestin, mzee. Mimi naendesha tu."

Zamani alikuwa akitembea njia ya Omurushaka macho yakiwa chini, kama watu wanaobeba vitu vizito wanavyotembea. Sasa alitembea kichwa juu, akiitazama barabara, akiuliza moyoni ni gia gani. Akikutana na lori la kweli linapanda, alisimama pembeni na kusikiliza mpaka sauti ipotee nyuma ya kilima, kama mtu anayesikiliza lugha aliyozaliwa nayo na akanyang'anywa.

Mwisho wa mwaka wenzake walishindwa kuvumilia. Telesfori ndiye aliyesema, wakiwa wamekaa kivulini na vibuyu vyao.

"Musoni, tumezungumza. Tukubaliane tu kwamba gia ya tatu ipo. Mchezo utanoga."

"Ipo wapi?"

"Basi tu. Tuseme ipo."

"Kapande ukaisukume, mzee. Ikiingia, nitaitumia."

"Wewe mwanamke!" Kaijage akasema. "Watu wanakupa gia nzima, bure!"

"Gia ya kupewa sina kazi nayo. Sheria ni gari kama lilivyo."

"Ukishindwa kila Jumapili unapata faida gani?"

"Nashindwa mwenyewe," alijibu. "Hakuna aliyenisaidia."

Kokushubira akapiga makofi. "Mawe, mama wee! Huyu akizama mtoni atamkataa hata anayemtupia kamba."

Wakacheka, na Mukamusoni akacheka nao, lakini gia ile haikuingizwa.

Kisha ikaja habari. Mwenye lori alikuwa amefariki Bukoba, na mwanawe ameliuza kwa fundi mwenye karakana anayetaka vyuma vyake. Jumanne lingekuja gari la kulivuta. Telesfori aliwaambia Ijumaa, akiwa ameshika kofia mkononi.

Mukamusoni alikuwa akianika kahawa ya Telesfori, na mikono yake iliendelea kuzitandaza punje, ikizipa kila moja nafasi ya kuliona jua.

"Basi Jumapili ni ya mwisho," akasema.

"Ya mwisho."

"Jumapili Tutafika litavuka daraja mbele ya Pijo. Likiwa hivyo hivyo lilivyo."

"Na lisipovuka?"

"Litakwenda Bukoba likiwa limeshindwa, na mimi nitakuwa nimeshindwa nalo. Lakini lazima niseme ninachokitaka, mzee. Sijawahi kukisema mbele ya watu."

Jumapili ile walikuja watu wengi, wengine kutoka Kituntu, kwa kuwa habari ya lori linaloondoka ilikuwa imeenea. Walisimama kando ya kamba, wamevaa nguo za kanisani. Celestin alikuwa amekunywa maji ya moto yenye chumvi kusafisha koo. Kaijage alikuwa ameifuta Pijo mpaka boneti ikaonyesha mawingu.

"Dada, leo nakuogopa," alisema akiingia.

"Usianze maneno. Ingiza gia."

Wakaondoka Omurushaka. Kwenye Kilima cha Chumvi magari yote mawili yalipanda kwa gia ya pili, sambamba, Celestin akinguruma kwa besi iliyotikisa vioo na Kokushubira akilia juu yake kama nyuki juu ya ngoma. Mlimani ndipo mahali pekee ambapo Tutafika halikuonewa. Walifika Kona za Mbuzi pamoja, na Mukamusoni akajiandaa kuachwa, kama kila Jumapili.

"Gia ya pili," Kaijage akasema.

Watu wakaguna. Pijo kuingia kwenye kona kwa gia ya pili lilikuwa jambo geni. Mukamusoni alidhani jamaa anahofia umati. Naye akacheza ya pili. Wakatoka kwenye kona wakiwa bado sambamba.

Tambarare ya Misheni. Hapa hata lori liliruhusiwa gia ya nne, na Pijo haikuwahi kucheza gia nyingine.

"Ya tatu," Kaijage akasema, akitazama mbele.

Kokushubira akaanza kunguruma. Kijiti kilikuwa hakijafika hata fundo la pili, sauti yake ikakatika. Akajishika kifua, akakohoa. Pijo ilikuwa imezimika katikati ya tambarare.

Watu wakapiga kelele. "Tutafika! Tutafika!" Celestin akamgusa mkono. "Ya nne, Musoni. Ingiza ya nne tuwapite. Tuwapite!"

Mukamusoni hakuingiza kitu. Alikuwa akimtazama Kokushubira kupitia dirisha. Yule mwanamke aliyepuliza moto wa kuni mbichi miaka ishirini alikuwa anakohoa kikohozi kidogo, cha adabu, kama cha mtu anayebisha hodi.

Akafungua mlango, akashuka. Chini ya lori kulikuwa na jiwe walilolitumia kuzuia gurudumu gari linaposimama. Akalibeba kwa mikono yote miwili, akalitia nyuma ya gurudumu, akasimama mbele ya mwamuzi.

"Lori limesimama," akasema.

Telesfori akashangaa. "Limeharibika nini?"

"Lori ni zima. Pijo ndiyo inayoumwa. Inacheza ya pili kwenye kona. Inacheza ya tatu kwenye tambarare. Halafu injini yake inakohoa." Akageuka. "Kaijage, unanifanya nini?"

Kaijage akafuta usukani kwa kiganja. "Ni mchezo tu, dada."

"Mzee Telesfori, na wewe ulijua?"

Mzee akaitazama kofia yake. Pale kando ya kamba watu walikuwa wameanza kusogea karibu, mmoja mmoja.

"Lori lako linaondoka Jumanne," Telesfori akasema. "Tulisema, kwa nini asifurahi mara moja. Mwaka mzima umeshindwa. Tulikuonea huruma, mwanangu. Kuna ubaya?"

"Celestin?"

"Mimi nilikataa," Celestin akasema kutoka juu, sauti yake kubwa imekuwa ndogo. "Halafu nikanyamaza."

"Huruma nimeila tangu sijaota meno," Mukamusoni akasema. Hakupaza sauti. "Nimeivaa, nimeilalia, nimebebeshwa kichwani mpaka shingo ikaingia ndani. Mahali pote katika nchi hii watu wananipa kilichobaki na wanataka niseme ahsante. Hapa tu, kwenye banda hili la kuku, ndipo watu walikuwa wananishinda sawasawa. Mlikuwa mnanishinda kama mnavyoshindana wenyewe kwa wenyewe! Hamkujua nilikuwa naipenda Jumapili kwa sababu gani? Kwamba Kaijage alikuwa anataka kunipita, kwa moyo wake wote. Leo, siku ya mwisho, mnaniletea kichana cha juu."

Mbuzi mmoja alilia bandani.

"Rudisha kijiti cha Pijo mahali ambapo kingekuwa," akamwambia Telesfori. "Kona kwa ya tatu. Tambarare kwa ya nne. Weka na changu mahali ambapo kingekuwa. Kama hamtaki, jiwe hili litakaa hapa mpaka Jumanne, na mimi nitakaa juu yake."

Kaijage alishuka kwenye Pijo. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameudhika, na ilionekana kwamba maudhi yale yalimfaa zaidi ya upole.

"Unataka nikushinde?"

"Nataka ujaribu."

"Mbele ya watu wa Kituntu wote hawa?"

"Mbele yao."

"Sawa. Utalia leo, wewe mwanamke. Mzee, rudisha vijiti!"

Telesfori akahesabu kwa midomo, akavisogeza vijiti. Pijo ikaenda mbele, mpaka kileleni mwa Mteremko wa Mikaratusi, imebakiza mafundo matatu kufika mdomo wa daraja. Tutafika likawekwa nyuma yake, limebakiza mafundo manne. Umati ulipoona vile ulisikitika kwa sauti. Mukamusoni aliondoa jiwe, akapanda, akafunga mlango kwa kishindo.

"Gia ya tatu!" Kaijage akasema, na safari hii mkono wa gia uliingia kama panga kwenye mgomba. Kokushubira hakukohoa. Alilia sauti moja, ndefu, kali, bila mshono, na kijiti cha Pijo kikateremka, fundo, fundo, fundo, kikasimama kwenye mdomo wa daraja. Zamu yake inayofuata ingevuka.

"Tutafika," Telesfori akasema.

Celestin alimnong'oneza. "Ya pili itatuacha katikati ya mteremko."

"Najua."

"Ya tatu hatuna."

"Najua, Celestin. Una pumzi?"

Celestin akaelewa, akatoa macho. "Musoni. Mteremkoni? Pumzi moja, mafundo manne, na huyu mzee anavyotembea kama kinyonga?"

"Ulinyamaza jana, leo nguruma."

Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Gia ya nne!"

"Gari halina breki, mwanangu," Telesfori akasema. "Pumzi ikikatika uko mtaroni. Sitakusaidia."

"Ndivyo ninavyotaka."

Mguu wake ukazama kwenye klachi. Mkono wa gia ukapita pale palipokuwa na chuma kigumu, ukaingia ya nne. Celestin akafungua kinywa.

Ilianza chini kabisa, kwenye tumbo la lori, watu wakaisikia miguuni kabla ya masikioni. Telesfori akakishika kijiti, akaanza kutembea. Hakuharakisha. Fundo la kwanza lilipita. La pili likapita, na mishipa ikasimama shingoni mwa Celestin kama mizizi. Mukamusoni aliinama juu ya usukani akiupindisha kidogo kulia, kidogo kushoto, na miti ya mikaratusi ambayo haikuwapo ilimpita pande zote mbili kwa kasi. Fundo la tatu. Sauti ikaanza kutetemeka, ikawa nyembamba, machozi yakamtoka Celestin, akaanza kupigapiga mlango kwa ngumi kama mtu anayeomba kutolewa nje. Mukamusoni hakumtazama. "Bado," alimwambia. "Bado. Bado." Telesfori akaweka kijiti kwenye fundo la nne, na Celestin akaanguka kifudifudi kwenye dashibodi, akivuta hewa yote ya Ndama.

Kelele zilizopanda ziliwarusha kuku nje ya lori.

Lakini mchezo haukuwa umekwisha. Vijiti viwili sasa vilibana fundo moja, mdomoni mwa daraja, katika mzunguko mmoja. Daraja lile lilipitisha gari moja tu, na kwa magari yaliyofika pamoja kulikuwa na sheria: mwamuzi anauliza nani anafunga breki. Anayefunga anasubiri, mwenzake anavuka. Asipofunga hata mmoja, wote wako majini. Hakuna aliyewahi kuifikiria sheria hiyo kwa upande wa lori, maana lori halikuwahi kufika pale kwa wakati.

Telesfori akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Alikuwa ameona. Kaijage naye aliona, akatoa kichwa dirishani.

"Funga, dada."

"Kwa nini?"

"Nimetangulia mimi kufika!"

"Mzunguko mmoja. Na mimi sina breki, Kaijage. Gari kama lilivyo. Njoo ukanyage mwenyewe uone. Mwenye breki hapa ni wewe."

Kicheko kilipita kando ya kamba kama upepo kwenye migomba, kikaisha mara moja, kwa kuwa watu waliona hakuna anayecheka ndani ya magari.

"Sikiliza," Mukamusoni akasema. "Ukifunga kwa huruma nitajua. Nitashuka niende nyumbani, na sitakusalimu tena maishani. Kama unafunga, funga kwa woga. Kama huogopi, usifunge. Tuingie wote mtoni."

Kaijage akautazama usukani wa baba yake. Akaitazama boneti yenye mawingu, aliyoifuta Jumapili zote hizo kwa shati kuukuu. Akamtazama yule mwanamke aliyekaa juu, mikono miwili kwenye usukani mpana, taya zimekaza, macho yakiwa ng'ambo ya daraja. Jasho likamshuka puani.

"Mwamuzi anauliza," Telesfori akasema. "Nani anafunga?"

"Funga, wewe!" Kokushubira akapiga ukelele kando yake. "Mimi sijui kuogelea!"

Mguu wa Kaijage ukaruka kwenye breki. Ulikanyaga kwa nguvu hata Pijo nzima ikalia na kuinama mbele kwenye springi zake, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu mazishi. Alibaki amekanyaga hivyo, mikono imeshika usukani, anahema.

"Nimefunga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe usingefunga."

"Nimekwambia halina breki."

"Hata lingekuwa nazo," Kaijage akasema, kwa hasira kamili, "hata lingekuwa nazo kumi, wewe usingefunga!"

Mukamusoni alimtazama kwa muda. Alikuwa akitafuta usoni mwake kitu anachokijua vizuri kuliko watu wote, ule ulaini wa pembe za macho, kile kichwa kinachoinamia upande. Hakukiona. Aliona mtu mzima aliyeogopa kwelikweli na kuchukia kwamba ameogopa.

"Gia ya pili," akasema taratibu.

Celestin alinguruma kwa pumzi iliyobaki, na Telesfori akakivusha kijiti daraja.

Watu wa Kituntu waliimba, Celestin alibebwa juu juu akiomba ashushwe. Desturi yao ilikuwa kwamba aliyeshindwa humletea mshindi rubisi, kibuyu cha kwanza. Kokushubira alikijaza, akamsukumia Kaijage mkononi. Kaijage akaenda nacho mpaka kwenye mlango wa lori akasimama, kwa kuwa mshindi hakushuka. Huku kwetu mwanamke hupiga magoti akipokea. Mukamusoni alikaa pale pale juu, akaweka kiwiko dirishani, na mwenye duka ikambidi ainue kibuyu kwa mikono miwili ili kimfikie.

Akanywa bila kupumzika.

"Vipi?" Kaijage akauliza kutoka chini, bado amenuna.

"Chachu," akasema, akamrudishia kibuyu kitupu. "Ongeza."